Shamba Ndani ya Jiji: Lini Hulipa Kodi?



Katika likizo iliyopita nilikwenda Budondo kumwamkia bibi yangu, nikamkuta hana raha. Siku chache kabla, mtu mmoja mwenye mkoba na kitabu cha risiti alikuwa amempitia. Alimwambia kwamba shamba lake la mahindi na kahawa sasa limo ndani ya Jiji la Jinja, na kwamba kila shamba la jijini lazima lilipiwe kodi kama maduka. Lakini, akasema, bibi akitoa shilingi 50,000, yeye ataliandika shamba hilo kuwa "la kilimo" lisitozwe kitu. Bibi hakuwa na fedha. Yule mtu akamshauri auze mbuzi, naye atarudi.

"Mjukuu wangu," bibi aliniuliza, "wewe uliyesoma, je, maneno haya ni ya kweli?"

Niliona haya, kwa maana sikujua. Basi niliporudi shuleni hapa Mpumudde nilianza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa sababu najua wengi wetu tuna wazee wenye mashamba pembeni mwa mji.

Jambo la kwanza alilosema mtu yule ni kweli. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja ilifanywa jiji, pamoja na Mbale na miji mingine mitano ya Uganda. Mpumudde yetu ilikuwa ndani ya manispaa tangu zamani, lakini Budondo na Mafubira zilikuwa nchi ya mashamba, nazo zikaingizwa jijini. Hata hivyo, mpaka wa jiji ukisogezwa, mihogo haigeuki kuwa duka.

Jambo la pili ndilo lenye udanganyifu. Lakini kabla ya kuwacheka wazee wanaoamini maneno kama hayo, tukumbuke waliyoyaona. Kwa miaka mingi, tangu siku za Waingereza, palikuwa na kodi ya mtu binafsi iliyopimwa kwa mali yake. Wakubwa wa vijiji walihesabu ng'ombe wa mtu na kutazama kahawa na pamba yake, kisha wakamwambia atalipa kiasi gani. Aliyeshindwa kulipa aliweza kukamatwa. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2005. Basi mtu akija na daftari na kutazama kahawa, mzee huogopa, wala si ajabu.

Sasa sheria yasemaje? Kodi ambayo mabaraza ya Uganda hutoza juu ya mali isiyohamishika inafuata Sheria ya mwaka 2005 ya Kodi ya Majengo ya Serikali za Mitaa. Kodi hii hutazama majengo, na kiwanja kitupu hakimo. Tena, nyumba ambayo mwenyewe anakaa na jamaa zake haitozwi. Kwa hiyo bibi yangu, mwenye nyumba moja anayolala mwenyewe na shamba la kahawa lililoizunguka, hadaiwi kodi hiyo hata akiwa ndani ya jiji. Ardhi yake ni ya kimila. Kama angekuwa ameikodi kwa mkataba wa miaka, angelipa kodi ya ardhi kila mwaka kama mkataba usemavyo, lakini hilo ni deni lingine kabisa.

Huenda mtu yule alisikia habari za nchi nyingine akazigeuza mtego. Marekani, ardhi yenyewe hutozwa kodi kwa bei ambayo ingeuzwa. Mji ukikaribia, bei hupanda, na mkulima huweza kushindwa kulipa kodi ya shamba analolima kwa jembe lake mwenyewe. Kwa ajili hiyo jimbo la Maryland lilitunga sheria mwaka 1956 ili shamba lipimwe kwa matumizi yake ya kilimo, si kwa bei ya kiwanja. Majimbo mengine yalifuata. Huko Texas mwenye shamba hupeleka maombi, naye lazima aonyeshe kwamba ardhi imelimwa au kulishwa mifugo kwa miaka 5 katika miaka 7 iliyopita. Na ndani ya mipaka ya mji masharti ni makali zaidi. Akiacha kulima na kujenga madukani, hudaiwa tofauti ya kodi ya miaka 3 iliyopita. Hata jirani zetu wa Kenya, katika miji kama Nairobi, wametoza kodi juu ya thamani ya kiwanja chenyewe kwa miaka mingi.

Katika nchi hizo kuna faida ya kuandikisha shamba kuwa shamba. Kwetu, kwa kodi hii ya majengo, hakuna daftari la namna hiyo, kwa sababu shamba halikuingizwa katika kodi tangu mwanzo. Mtu yule alikuwa akiuza ruhusa isiyokuwapo.

Basi ni lini shamba huanza kulipa? Ni pale mwenyewe anapojenga juu yake nyumba ya kupangisha au duka. Hapa Mpumudde tunaona jambo hili kila siku: ndizi hukatwa, na mahali pake hujengwa vyumba vya kupangisha, ambavyo watu wa kwetu huviita mizigo. Mthamini hukadiria kodi ya pango ambayo jengo lingeweza kuleta kwa mwaka, akapunguza sehemu kwa ajili ya matengenezo na gharama nyingine. Kinachobaki ndicho hutozwa, nayo kodi isizidi asilimia 12 ya kiasi hicho wala isipungue shilingi 2,000.

Tuchukue mfano. Mtu ana vyumba vitatu, na kila kimoja huleta shilingi 80,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 2,880,000. Tuseme baada ya kupunguza gharama zimebaki 2,200,000, na baraza limeweka asilimia 10. Atalipa shilingi 220,000. Migomba iliyo nyuma ya vyumba haihesabiwi.

Ninyi wanafunzi wa zamani mliojenga mizigo, jueni kwamba mna haki pia. Orodha ya majengo na thamani zake huwekwa wazi watu waitazame, na aliyekadiriwa kupita kiasi, au ambaye nyumba anayokaa mwenyewe imeandikwa kimakosa, aweza kuweka pingamizi, likasikilizwa na mahakama ya uthamini. Lakini lazima afanye hivyo katika siku zilizotajwa katika tangazo. Tena, sheria yataka angalau asilimia 75 ya kodi hii itumike kwa kazi kama barabara, taa, mifereji na kuondoa takataka. Basi anayelipa ana haki ya kuuliza kwa nini mfereji wa mtaa wake umeziba.

Nilipopata ruhusa ya kwenda Budondo tena, nilikwenda mbio na habari zangu. Nilichelewa. Mbuzi alikuwa ameshauzwa, na bibi alinionyesha risiti aliyoitunza katika Biblia yake. Haikuwa na jina la baraza lo lote wala namba ya malipo. Palikuwa na sahihi tu, isiyosomeka. Tulikwenda pamoja kwa mwenyekiti wa LC 1, naye akasema kwamba bibi ni wa nne kumletea karatasi ya namna hiyo.

Bibi hakulia. Aliniambia tu, "Ungeniambia mapema." Neno hilo limenichoma kuliko fimbo. Kwa hiyo nawaomba, ndugu zangu, mkienda nyumbani likizo hii, msingoje kuulizwa. Waambieni wazee mambo matatu: shamba lisilo na jengo halitozwi kodi ya majengo, nyumba ya kukaa mwenyewe haitozwi, na mtu akidai fedha mkononi, kwanza aende naye kwa mwenyekiti. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mbuzi wa bibi alipotea kwa sababu daftari lilikuwa la mtu mwingine.