Apiga Upya Nyimbo za Ujana Wake

Muziki wa panki, wasomaji wapenzi, wengi wenu hamtaupenda: makelele, ghadhabu, nguo zilizochanwa makusudi. Hata hivyo zipo habari za Bwana John Wardle wa London, aliyezaliwa 1958. Jina la Jah Wobble alilipata kwa ulevi wa rafiki yake Sid Vicious, aliyeshindwa kutamka jina lake sawasawa!

Mwaka 1978 aliingia bendi ya Public Image Ltd, akipiga gitaa la besi. Mwaka uliofuata wakatoa “Metal Box”, santuri tatu ndani ya kopo la bati mfano wa makopo ya filamu za sinema. Mwaka 1980 akaondoka. Pombe ikamwangusha, akaiacha 1986, akapata kazi katika reli ya chini ya ardhi ya London. Kazi ya jasho, wala si aibu.

Mwaka 2021, naye amepita miaka 60, alizitoa upya nyimbo zile kwa mtindo wa dabu wa Jamaika, ambao ngoma na besi hutawala, sauti zikisikika kama mwangwi. Mwimbaji wa zamani, John Lydon, hayumo. Besi ni ile ile, ila sasa haina haraka.