Kuchagua Shanta la Kamera kwa Safari ya Kilimanjaro

Wengi wanaonunua shanta la kamera huanza kwa kulibonyeza ubavuni, na wakiisha kuona kuwa sponji yake ni nene hulipa bei wakaondoka wameridhika. Ilhali mlimani, na hasa katika njia za Kilimanjaro, ambazo baadhi yake humtoa mtu katika msitu wa mvua, kimo kisichotimia meta 2,000, zikamfikisha kilele cha Uhuru chenye meta 5,895, aangukaye kwanza ni mtu, na kamera humfuata. Kwa sababu hiyo, hifadhi ya kwanza ya kamera ni mizani ya mwili wa aliyeibeba, na shanta lisilomkaa vyema mgongoni ni hatari kwa chombo kilichomo hata lingejazwa sponji kiasi gani.

Basi mnunuzi na apime kwanza urefu wa mgongo wake, yaani kutoka kwenye ule mfupa utokezao chini ya shingo mtu ainamishapo kichwa, mpaka usawa wa ncha za juu za mifupa ya nyonga. Kipimo hiki hakifuati kimo cha mtu, kwani wawili walio sawa kwa urefu huweza kuhitilafiana sana kwa migongo. Shanta likilingana na kipimo hicho, ukanda wake wa kiunoni hukaa juu ya nyonga, na bizimu ikiisha kukazwa sehemu kubwa ya uzito huwa juu ya mifupa hiyo, mabega yakapumzika. Lenzi nzito ziwekwe karibu kabisa na mgongo, wala zisining'inizwe nje. Maana mtu afikapo kwenye ukuta wa Barranco, ambako hulazimika kushika majabali kwa mikono miwili, mzigo unaoyumba humvuta upande asioutaka, na pale mahali pa kuteleza hapana msamaha.

La pili ni mlango. Mashanta mengi hufunguliwa kwa mbele, na mwenye kulifungua hana budi kuilaza mikanda yake kwenye tope la msituni, kisha akalivaa tope hilo mgongoni siku nzima. Mimi hulipendelea lile lifunguliwalo upande wa mgongoni, ambalo uso wake wa nje ndio ulalao chini na mikanda ikabaki safi. Aidha, kitambaa cha ndani kiwe cheupe au cha rangi ya kung'aa, kwa kuwa vifuniko vya lenzi ni vyeusi, na alfajiri, vidole vikiwa vimekufa ganzi, kukitafuta cheusi ndani ya cheusi ni taabu tupu.

Juu ya maji yapasa kusema kwa kirefu kidogo, maana hapa wauzaji huahidi mengi. Unene wa nyuzi za kitambaa hutajwa kwa denia, nayo ni idadi ya gramu za uzi wenye urefu wa meta 9,000. Denia nyingi hudhihirisha uimara wa kitambaa katika kukwaruzwa na miamba, lakini hazisemi lolote juu ya mvua. Kitambaa kilichopakwa dawa huyazuia maji, ila kila tundu la sindano kwenye mshono, na kila jino la zipu, ni mlango wa maji hayo, isipokuwa mishono imezibwa kwa utepe kwa ndani. Hata ule mfuniko wa mvua unaovishwa shanta zima hukinga maji ya juu tu, na yale yateremkayo baina ya mgongo na shanta hupata njia. Kwa hiyo kamera na itiwe kwanza katika mfuko usiopenyeza maji, ndipo iwekwe mahali pake. Na mfuko wa maji ya kunywa, ule wenye mrija, usikae chumba kimoja na kamera kwa hali yoyote.

Usiku wa kuelekea kileleni, safari ambayo aghalabu huanza karibu na saa sita, baridi hushuka chini ya sifuri, na betri hupoteza nguvu upesi. Shanta haliwezi kuziponya. Mahali pa betri ni mfuko wa ndani wa koti, karibu na joto la mwili. Sponji huonyesha fadhila yake wakati wa kurudi, kwani kamera iliyopoa sana ikitolewa ghafula penye joto hupata umande juu ya vioo, bali ikiachwa ndani ya shanta lililofungwa hupata joto polepole. Lakini sisi tukaao Tanga, Mombasa na Unguja tusiihifadhi kamera humo miezi mingi, kwa kuwa sponji hushika unyevu wa pwani, nao hulea kuvu ilayo utando wa juu ya lenzi.

Nenda basi dukani na kamera yako na chupa zako za maji, ulijaze shanta kwa uzito ule ule utakaoubeba, ukaze mikanda, kisha upande ngazi, uiname na uinuke. Likiyumba, liache dukani, hata likiwa ndilo la bei kubwa kuliko yote.