"Mafuta" yapi? Kabla ya kuchagua mpira



Mtu akiagiza mipira ya kiwandani, ile inayotengenezwa kwa kalibu, aghalabu huanza na vipimo na bei. Swali la kwanza lingekuwa: mpira huu utagusana na nini? Na hapa Kiswahili chetu kinatutega, maana karibu vyote twaviita "mafuta".

Mpira wa asili unanyumbuka vizuri sana, lakini ukikutana na oili au dizeli huvimba na kulainika. Hapo chukua naitraili. Sasa njoo kwenye "mafuta ya breki" ya DOT 3 na DOT 4. Hayo si oili bwana, yametokana na glaikoli, na mpira wake ni EPDM. Naitraili humo haifai. EPDM nayo ukiitia oili ya injini, huvimba. Ndiyo maana fundi akijaza oili kwenye breki, mipira huharibika na gari laweza kukosa breki kabisa.

Kwa hiyo kwenye oda usiandike tu "mpira usiodhurika na mafuta". Taja mafuta gani, na joto kiasi gani: naitraili ya kawaida huanza kukakamaa ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 100 hivi za Selsiasi.

Nawasilisha.