Macho ya mzazi kijijini: Jinsi ya kumpata daktari anayekubali bima ya SHA

MZAZI aliye Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, anapolalamika kwamba haoni vizuri, wengi wetu tulio mjini hujituliza kwa mawazo mawili. La kwanza ni kwamba huo ni uzee tu. La pili ni kwamba hata akihitaji matibabu, bima ya afya tunayokatwa mshahara kila mwezi itamlipia. Mawazo yote mawili yanaweza kumgharimu macho yake.

Tuanze na bima. Hazina ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka wa 1966, haipo tena. Tangu Oktoba 1, 2024, kazi yake inafanywa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na mchango huo humlinda yeye, mkewe au mumewe, na watoto wao. Haumlindi mama wala baba yake.

Kwa hivyo mzazi sharti ajisajili mwenyewe. Anaweza kubonyeza *147# kwenye simu, akiwa na kitambulisho chake, au aombe msaada katika kituo cha afya. Ataulizwa maswali kuhusu hali ya nyumbani kwake, na majibu hayo ndiyo yanayotumiwa kukadiria mchango wake. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na asiye na ajira hutakiwa kulipia mwaka mzima. Mtoto aliye mjini anaweza kumlipia.

Kumbuka kwamba kusajiliwa si kulipa. Aliyesajiliwa bila kulipa hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, lakini hospitalini bima haitamfaa anapohitaji upasuaji.

Aanzie wapi?

Mzazi asikimbilie mjini Kakamega kabla ya kupita kituo cha karibu, kama vile kile cha Shinyalu. Huko atapimwa presha na sukari, maradhi mawili yanayoharibu macho polepole, na akihitaji mtaalamu ataandikiwa barua ya rufaa. Barua hiyo aitunze.

Kutoka hapo, hospitali kubwa ya umma iliyo karibu ni Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Kaunti ya Kakamega. Mgonjwa hushuka hadi Khayega, kisha hushika barabara kuu ya kwenda Kakamega mjini. Katika kaunti jirani ya Vihiga kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia, inayoshughulikia macho hasa.

Yafaa pia kujua unamtafuta nani, kwa maana si kila anayepima macho ni daktari. Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona na kuagiza miwani; Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, hufunza wataalamu wa aina hii. Afisa wa kliniki wa macho hutibu maradhi mengi ya macho, na baadhi yao wamefunzwa kutoa mtoto wa jicho. Juu yao kuna daktari bingwa wa macho. Duka la miwani si mahali pa kutibiwa.

Usiulize swali moja tu

Watu wengi hupiga simu na kuuliza, "Mnakubali SHA?" Wakijibiwa ndiyo, humsafirisha mgonjwa, halafu hushangaa anapodaiwa pesa dirishani. Hospitali inaweza kulipwa na SHA kwa upasuaji, lakini mgonjwa akatakiwa kujilipia siku ya kliniki, dawa za matone au miwani. Kabla ya kutoa nauli, uliza haya:

* Je, mkataba wenu na SHA unatumika wakati huu, na kwa huduma gani: kupimwa, upasuaji au miwani?

* Je, barua ya rufaa inahitajika? Upasuaji unahitaji idhini ya SHA mapema?

* Je, lenzi inayowekwa jichoni imo katika malipo hayo, au mgonjwa ataongeza pesa? Ngapi?

* Daktari wa macho huja siku gani?

Mgonjwa aende na kitambulisho na simu iliyosajiliwa. Mara nyingi utambulisho hufanywa kwa alama za vidole, na mzee ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe huenda alama zake zisisomeke. Ni afadhali tatizo hilo lijulikane mapema kuliko asubuhi ya upasuaji.

Yapi yanangoja, na yapi hayangoji

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi ya jicho. Ndio unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu, ilhali hutibika: lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa ya bandia. Aghalabu mgonjwa hudungwa ganzi ya jicho tu. Mwenye ukungu huu anaweza kungoja wiki chache bima yake ikishughulikiwa.

Glakoma ni kitu kingine. Huua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, mara nyingi kwa sababu ya presha iliyo ndani ya jicho. Kwa kawaida haiumi, na huanza kula pembeni, hivyo mgonjwa hajui mpaka amechelewa. Uwezo wa kuona uliopotea haurudi. Matibabu huokoa uliobaki tu. Mwenye mzazi au ndugu aliye na glakoma apimwe hata kama anaona vizuri. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka.

Kuna dalili zisizongoja bima wala rufaa: kutoona kwa ghafla, jicho jekundu lenye maumivu makali, jicho lililochomwa na jani la muwa au la mahindi, na weupe ndani ya mboni ya mtoto, ambao unaweza kuwa saratani. Dawa ya shambani ikiingia jichoni, lioshe mara moja kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Usitumie matone yaliyobaki kwa jirani. Baadhi yana steroidi, ambayo ikitumiwa ovyo huongeza presha ya jicho na huweza kuleta glakoma.

Utakapopiga simu nyumbani, mwombe mzazi azibe jicho moja kwa kiganja na kuutazama mlango wa jirani, kisha azibe la pili. Jicho moja likiwa hafifu kuliko jingine, huo si uzee wa kuvumiliwa. Mwambie aende kituoni wiki hii, nawe uulize kama SHA yake imelipwa.