Barua mbili za Eugene O'Neill

Julai 1914, Profesa George Pierce Baker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandikiwa barua na kijana wa miaka 25 aliyeomba nafasi katika darasa lake la uandishi wa tamthilia. Eugene O'Neill, mtoto wa mwigizaji mashuhuri, alikuwa amekwisha fanya kazi ya ubaharia na kulazwa kwa kifua kikuu. Alimweleza Baker kwamba kwa ujuzi aliokuwa nao angeishia kuwa fundi wa kawaida tu, na hilo hakulitaka: ama awe msanii, ama asiwe chochote. Naipenda sana barua ile. Anaomba kufundishwa, lakini hapigi magoti.

Baker akampokea. Darasani, mwanafunzi alitakiwa kupanga kisa chote kwa muhtasari kabla ya kuandika mazungumzo, na O'Neill aliendelea na desturi hiyo hata alipokuwa mwandishi mzima. Lakini alipomwonyesha mwalimu *Bound East for Cardiff*, tamthilia fupi ya baharia anayekata roho kitandani mwake melini, aliambiwa kwamba hiyo si tamthilia kabisa.

Mwalimu alikosea. Julai 1916 kazi hiyohiyo ilichezwa katika mji wa Provincetown, katika jengo la gatini lililogeuzwa ukumbi, nayo ikamfungulia O'Neill njia ya jukwaani. Mwaka 1920 akapata Tuzo ya Pulitzer kwa *Beyond the Horizon*.

Wapo wanafunzi ambao wangelifuga neno lile la mwalimu moyoni maisha yao yote. Baker alipofariki Januari 1935, O'Neill aliandika barua nyingine, safari hii kwa gazeti la *New York Times*, na haikuwa na chembe ya kinyongo. Aliwarudisha wasomaji katika miaka ambayo majumba ya maonyesho ya Marekani hayakuwa na nafasi kwa kijana mwenye jambo jipya la kusema. Mafunzo ya ufundi, alisema, yaliwafaa mno wanafunzi wa Baker. Lakini kwake kubwa kuliko yote lilikuwa kufundishwa kuiamini kazi yao na kuendelea kuiamini, kwa kuwa Baker aliwasaidia kuwa na matumaini.

Aliyeandika hayo alikuwa bingwa asiyehitaji tena kibali cha mwalimu yeyote. Ndiyo maana mimi naziamini shukrani zake.