Taarifa ya Kweli Itangulie Uvumi

Chama chochote chaweza kupatwa na msukosuko: ghala kuungua, malipo kuchelewa, au fedha kuonekana pungufu. Mali iliyopotea huweza kurudishwa. Lakini mwanachama aliyepoteza imani humpelekea mlanguzi mazao yake.

Mwaka 1982, katika eneo la Chicago, Marekani, watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sayanaidi na mtu asiyejulikana hadi leo. Kampuni ya Johnson & Johnson haikutosheka kusema kwamba kosa halikuwa lake. Iliwaonya wananchi wasivitumie, ikafungua simu za bure za kujibu maswali, na ikaviondoa madukani, chupa zipatazo milioni 31. Hasara ilizidi dola milioni 100. Vidonge viliporudi sokoni katika vifungashio vipya, vilivyokusudiwa visifunguliwe kwa siri, wanunuzi nao walirudi.

Wakati ule habari zilienezwa na magazeti, redio na televisheni. Siku hizi simu ya mkononi hueneza uvumi kabla halmashauri haijaketi. Kwa hiyo yafaa kila chama kiamue mapema ni nani atakayesema kwa niaba yake, na kitunze orodha sahihi ya namba za simu za wanachama. Jambo litokeapo, katibu aeleze upesi yaliyothibitika, yanayochunguzwa, na siku ya taarifa itakayofuata. Tangazo libandikwe pia ofisini na kwenye mizani, kwani si kila mwanachama ana simu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.