Kiharusi: kazi haiishi hospitalini

Je, msomaji, ukipigiwa simu kutoka Meru au Embu kwamba mdomo wa mama umepinda, mkono umelegea na maneno hayatoki, utasemaje? Mwambie aliye naye asingoje kupambazuke, wala asimpe aspirini. Ampeleke hospitali kubwa upesi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa ndani ya saa nne na nusu tu, tena baada ya ubongo kupigwa picha, kwani huenda ni mshipa uliopasuka.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, kazi yenu ndiyo kwanza inaanza. Asinyweshwe uji akiwa amelala, usije ukaingia mapafuni. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Msimvute mkono uliolegea, bega huteguka. Akianza kushika, mpeni mahindi apukuchue, maana vidole hujifunza upya kwa kurudiarudia. Dawa za presha asiziache hata akijisikia nafuu, kwa sababu presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na cha pili huweza kumwangusha kabisa.

Nawe uliye Nairobi, usitume pesa tu. Nenda mwishoni mwa wiki, umpumzishe dada yako anayemuuguza.